Waini ya nanasi kwa bedsita: ya kwanza imekuwa siki, ya pili imelipuka. Nakosea wapi?

JamaaWaKondele

Wadau habari za jioni. Niko mwaka wa tatu chuo, nina miaka 22 (nasema mapema kabla mtu aniitishe kitambulisho), nakaa bedsita, yaani chumba kimoja, hapa Kondele, Kisumu, na mwenzangu mmoja. Shida yangu ni waini ya nanasi. Nimejaribu mara mbili na zote mbili zimeniaibisha, na mwezi wa kumi na mbili tuna kasherehe kadogo ka kumaliza mtihani na nimeshaahidi watu.

Ya kwanza nilinunua nanasi tatu soko la Kibuye, zile zimeiva mpaka zinanukia kwa mfuko, nikakatakata nikatia kwa sufuria kubwa na maji na sukari, nikarushia hamira ya mkate, nikafunika na kitambaa manake niliskia lazima ipumue. Kesho yake ikaanza kuchemka bila moto, povu mpaka ukingoni, nikapigia kila mtu simu. Alafu nikaiacha hapo chini ya meza wiki tatu manake nilikuwa na kazi za darasa. Siku ya kuonja nilimeza kijiko kimoja tu, macho yakajifunga yenyewe. Siki kabisa. Mwenzangu aliimwagia kachumbari akasema hajawahi kula kachumbari tamu hivyo, na hiyo ndiyo sifa pekee nimewahi kupata kwa hii kazi.

Ya pili nikasema sawa, kumbe adui ni hewa. Nikatafuta chupa ya glasi ya lita tano, nikatia kila kitu, sukari kilo mbili nzima manake nilitaka iwe na nguvu, nikakaza kifuniko mpaka kiganja kikauma. Usiku wa tatu, saa nane hivi, nikaskia PAAA! nikajua ni transfoma imeenda. Kuwasha taa, vipande vya glasi mpaka mlangoni, nanasi kwa ukuta, nanasi kwa neti, kipande kimoja kimeng'ang'ania kwa balbu kinaanza kuiva. Mwenzangu hulala kwa godoro chini, hapo hapo karibu na meza, na siku hiyo alikuwa ameenda kwao Bondo matanga. Nikifikiria hiyo mpaka leo usingizi unakata. Asubuhi sisimizi wamepanga laini kutoka dirishani kama wanaenda kupiga kura, na mama jirani ananiuliza, kijana, mnapika nini huko ndani?

Sasa naomba mnieleze bila kunicheka sana. Ikipumua inakuwa siki, isipopumua inakuwa bomu, kwani waini za dukani hutengenezwa aje? Alafu watu wananitisha ati pombe ya nyumbani inapofusha macho, ni kweli hata kwa nanasi? Na kuna jamaa hapa ploti anasema hii ikikataa niipike tu nitoe kitu ya wanaume, yaani chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji ya kukusanya mvuke. Mimi sitaki kuuza, nataka tu chupa sita saba za watu wangu, bia moja siku hizi inakula 250 na zaidi na sisi ni watu wa mkopo wa masomo.

OmeraMtulivu

Omera pole, lakini nimecheka mpaka nimepitisha steji yangu. Nanasi kwa balbu!! Na huyo mwenzako aende tena Bondo ashukuru marehemu vizuri. Sina jibu, nimekaa hapa nasubiri wenye wanajua.

MzeeWaNjoro

Kijana wangu, mimi nilisomea mambo ya chakula huku Njoro zamani kidogo, baadaye nikafanya kazi kwa kiwanda cha juisi miaka mingi, kwa hivyo hii ya chupa kulipuka nimeona yake na imenifukuza mbio.

Jua kwanza nani anafanya kazi hapo ndani. Hamira ni kitu hai. Inakula sukari, inatoa pombe na gesi ya kaboni, na kwa uzito ni karibu nusu kwa nusu. Kilo moja ya sukari ikiliwa yote inatoa zaidi ya lita 250 za gesi. Wewe ulikuwa na kilo mbili, chupa ya lita tano, kifuniko kimekazwa mpaka kiganja kikauma. Ingeenda wapi hiyo gesi? Mimi nashangaa ilingoja mpaka usiku wa tatu.

Na ile ya kwanza, hewa haikuwa mbaya siku tatu nne za mwanzo. Hapo hamira inaitaka ndio izaane, na gesi yenyewe inapanda inasukuma hewa nje, kwa hivyo kitambaa safi kinatosha. Ubaya ulikuja baadaye. Povu likitulia gesi inapungua, hewa inarudi, na wale inzi wadogo wadogo wa matunda wanajipenyeza na kubeba bakteria wa siki. Hao bakteria wanataka vitu viwili tu, pombe na hewa, na wewe uliwapa vyote viwili chini ya meza wiki tatu. Sasa unaona hata waini ya dukani inafuata njia hiyo hiyo: gesi itoke, hewa isiingie.

Tafuta jerikeni ya plastiki ya lita 5, ile ya maji ya kunywa. Glasi uachane nayo mpaka ujue unachofanya. Na isiwe jerikeni iliwahi kubeba mafuta ya taa ama dawa ya shamba, hiyo hata uioshe mara 100 bado imenyonya. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni na nta ya mshumaa, ncha ya pili uizamishe kwa chupa yenye maji. Utaskia blu, blu, blu usiku kucha. Kama mpira hauna, vuta puto kwa mdomo wa jerikeni, ulitoboe na sindano mara mbili tatu. Puto likisimama kazi inaendelea, likilala kazi imeisha ama inaelekea kuisha.

Sukari nayo ina hesabu. Gramu 17 hivi kwa kila lita zinakupa asilimia moja ya pombe. Wewe ulitia karibu gramu 400 kwa lita, hiyo kwa karatasi ni asilimia 23, na hakuna hamira ya mkate imewahi kufika huko, ikifika 10 ama 12 inalala na sukari inabaki imekuangalia. Tena sukari ikizidi mwanzoni inaivuta hamira maji, vile chumvi inafanya samaki hapo kwenu ufukweni. Mtu akitaka pombe kali anaongeza sukari, kumbe anatengeneza sharubati. Chukua nanasi mbili kubwa, sukari gramu 700, maji yaliyochemshwa yakapoa, yote pamoja ikuwe lita nne na nusu, na hiyo itakaribia asilimia 11. Usidanganywe na utamu, hiyo si ya kunywa kwa kikombe cha uji.

Hamira robo pakiti inatosha. Nanasi na sukari peke yake hazina chakula cha kutosha kwa hamira, sasa chukua kijiko kingine cha hamira uchemshe ife, mwaga humo, zile hai zitakula zile zimekufa. Ndiyo, ni mambo ya ajabu lakini inafanya kazi. Na kikombe kimoja cha chai ya rangi nzito ya Kericho, bila majani, hiyo inaipa mwili isikuwe kama maji ya matunda tu.

Vyombo vyote vikae kwa maji yenye Jik kidogo (ile dawa ya kung'arisha nguo) dakika kumi na tano, alafu suuza na maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Na kwa sababu najua uko na ile siki hapo ndani, usiwahi kuchanganya Jik na siki, inatoa gesi ya klorini, na kwa bedsita utakimbia bila viatu.

Kitu ya mwisho ni joto. Wewe uko Kondele chini ya mabati, mchana humo ndani ni jiko. Hamira ikipata joto la 30 na kuendelea inafanya kazi haraka lakini inatoa ladha ya ajabu na kichwa cha asubuhi kisichoeleweka. Weka jerikeni kwa beseni la maji, ivalishe lesso, lesso iguse maji. Upepo ukipita inapoa. Sisi huku Njoro shida ni kinyume, usiku lazima uifunike blanketi kama mgeni.

JamaaWaKondele

Mzee asante sana, yaani nimesoma mara tatu. Kwa hivyo ile ya kilo mbili hata isingelipuka bado ningekunywa sharubati?? Sasa nauliza, nitajua aje imeiva bila kufungua fungua, na hiyo ya kupofusha hujanijibu.

Nyar_Nyalenda

Mzee wa Njoro amesema ya kitabu, wacha mimi niseme ya drumu.

Mdogo wangu, mama yangu alipika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, huko Nyalenda tangu sijazaliwa, na karo yangu mpaka kidato cha nne ilitoka kwa drumu moja ya bluu. Unga wa mahindi wa posho mill unakandwa na maji, unaachwa siku mbili tatu uchachuke mpaka ukipita nje unajua. Alafu unakaangwa. Mabati makubwa juu ya mawe, kuni chini, mama na koleo mkononi anageuza anageuza mpaka unga uwe wa kahawia, moshi kwa macho, jasho mpaka kwa kidevu, na sisi watoto tunaiba vile vipande vimekauka, vina uchachu fulani mtamu siwezi kukueleza. Ukianikwa unakaa, hata wiki hauna shida.

Alafu kuna kimea. Wimbi inalowekwa, inafunikwa na gunia limelowa, siku tatu nne inatoa mizizi kama nywele za mzee, inaanikwa, inasagwa. Hapo ndipo pombe iko. Wewe nanasi yako ina sukari tayari, lakini mahindi ni wanga, bila kimea cha kuikata huo wanga iwe sukari utapata uji, na uji haulevyi hata kuku. Unachanganya ule unga wa kukaangwa na kimea na maji kwa drumu, siku mbili tatu tena, unakamua kwa gunia, na inanyweka ikiwa ya vuguvugu. Wazee walikuwa wanakaa kuzunguka chungu kila mtu na oseke wake, mrija mrefu kama fimbo, na mama anapita na birika anaongeza maji moto. Nguvu yake si kubwa, bia ya dukani inaipita mara nyingi, mtu anakaa kutoka saa nane mpaka jua linaingia ziwani na bado anajua njia ya kwao. Karibu anajua.

Sasa kwa swali lako la utajua aje. Mama kila asubuhi kabla hajasalimia mtu alikuwa anainama anaweka sikio kwa drumu. Ikinong'ona, sawa. Ikinyamaza kabla ya siku yake anakunja uso, anagusa drumu na kiganja kuskia kama ina joto, ananusa, anaamua. Hakuwa na kipimo hata kimoja. Na hakuna mtu alikuwa anatumbukiza mkono mle, hata mimi, hata askari! Ungetoka kuparua samaki alafu ushike kile kikombe cha kuchotea, ungeskia mlio wa koleo. Gunia la kukamulia lilichemshwa kila mara.

Ndio maana nakwambia shida yako si kitambaa wala kifuniko. Wewe hukuiangalia. Wiki tatu chini ya meza! Hata mbwa hawezi kukaa wiki tatu chini ya meza. Weka sikio hapo asubuhi na jioni, utaijua.

Na hiyo ya jamaa wa ploti, sahau. Kuna jirani yetu aliacha busaa akahamia chang'aa manake faida ni ya haraka, akamshawishi mama sana. Mama alikataa. Alimwambia hii yangu ikiharibika namwagia nguruwe, yako ikiharibika utaitwa kwa matanga. Hakuwa anasema ya Mungu, alikuwa anaogopa tu watu wake, wote alikuwa anawajua kwa majina. Sisemi ilikuwa maisha mazuri, askari walikuwa wanakuja usiku wanamwaga drumu nzima na wengine wanaonja kwanza, mama amelala seli mara mbili nakumbuka, mara moja nikiwa na mtihani kesho yake. Kwa hivyo usidhani nakuuzia hii kazi.

Kijana_wa_Shinyalu

Nyinyi mnamtisha kijana bure. Chang'aa watu wamekunywa huku kwetu miaka na miaka na wazee wako hapo wanalima. Kitu ni kujua kupika, kikombe cha kwanza unamwaga manake sumu yote inatoka hapo, inayofuata unajaribu na kiberiti, moto ukiwa bluu iko sawa. Ni hiyo tu.

MzeeWaNjoro

Bwana Shinyalu nakuheshimu lakini hapo unaweza kuzikisha mtu, wacha nijibu na ya kupofusha kwa pamoja.

Sumu inayopofusha ni methanoli. Kwa waini ya matunda inakuwepo kidogo sana, inatoka kwa ile gundi ya asili ya tunda, na kwa kiasi hicho mwili unaimudu. Kwa hivyo kijana, nanasi yako ikichachuka tu haitakupofusha. Ukiipika, ukakusanya mvuke, hapo unabadilisha mchezo. Ni kweli methanoli huchemka mapema, nyuzi 64.7, na pombe ya kawaida 78.4, lakini zikiwa pamoja kwa maji hazipangi foleni moja itoke yote ndio nyingine ifuate, zinatoka zimechanganyika toka mwanzo mpaka mwisho. Kumwaga kikombe cha kwanza si dawa. Na kiberiti ni mchezo wa watoto, methanoli nayo inawaka bluu, tena hafifu, mchana hata huioni.

Lakini wale wengi waliokufa hapa Kenya hawakuuliwa na kikombe cha kwanza. Waliuawa na methanoli ya viwandani, mtu anainunua au kuiba kwa drumu anaongeza ndani ili ikuwe kali na rahisi. Novemba 2000 Nairobi, ile pombe haramu ya kumi kumi, watu zaidi ya 100. Mei 2014 tena, Embu na kaunti zingine, makumi. Februari 2024 Kirinyaga, kijiji kimoja, zaidi ya 10. Na ubaya wake haukuumizi hapo hapo. Mtu analala vizuri, anaamka kesho anaona ukungu, tumbo linauma, anadhani ni hangova. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayokula mshipa wa macho. Akifika hospitali mapema kuna dawa, akilala "apone" ndio basi. Kwa hivyo mtu akinywa kitu hakijui alafu aone ukungu, usimpe supu, mpeleke saa hiyo hiyo.

Na ongeza hii: kupika ni moto wazi na mvuke wa pombe kwa chumba kimoja chenye godoro na neti. Huyu tayari amelipua nanasi bila moto.

OmeraMtulivu

Hiyo ya mwisho imeniua 😂

Wakili_wa_Mtaa

Naingilia kidogo. Mnaongea kama kutouza kunamaliza kila kitu. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanaita ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, inataka leseni kwa kutengeneza na pia kwa kuuza, na haisemi kutengeneza ni mpaka iwe drumu ngapi. Ni hiyo hiyo ilifuta marufuku ya zamani ya chang'aa ikairuhusu, lakini kwa leseni na kwa chupa, si kwa jerikeni nyuma ya choo. Sasa je, kuna askari atapanda ngazi Kondele kutafuta lita tano za nanasi? Mimi sidhani, lakini mimi si askari, na siku mgeni wako akianguka kwa ngazi ama akaumwa tumbo, hiyo jerikeni inakuwa ushahidi. Soma pia karatasi ya mwenye ploti, nyingi zinakataza kutengeneza pombe kwa nyumba na huyo hangoji korti, anaweka tu kufuli. Usimpe mtu chini ya miaka 18 hata ya kuonja. Na usichukue hata shilingi kumi ya mtu, hata ya "kuchangia nanasi", hapo umeuza.

Chege_wa_Bahati

Sisi huku Nakuru tunawaskiza tu. Mjomba wangu hutengeneza muratina wakati wa ruracio (sherehe ya mahari) na hakuna hamira ya dukani hata chembe. Ni asali, ya Baringo ikipatikana, na yale matunda marefu ya mwegea, yale yananing'inia kama soseji kubwa. Tunda bichi ni sumu usije ukajaribu, linakatwa, linachemshwa, linaanikwa mpaka liwe kama sifongo, alafu hiyo sifongo ndio inabeba hamira ya asili ndani yake, anaihifadhi inatumika mwaka baada ya mwaka. Ziko moja mbili zake nadhani zinanizidi umri. Usiku anaweka kibuyu karibu na makaa kijikoni na hataki mlango ufunguliwe ovyo, ati inashtuka. Nilikuwa nadhani ni uchawi, sasa nimesoma mzee wa Njoro na blanketi yake nimeelewa.

Nanasi sijui. Lakini sioni haja ya kuharakisha ifike tarehe ya sherehe. Ya mjomba isipokuwa tayari ruracio inangoja, kweli kabisa, nimeona wazee wakipanga tarehe upya.

JamaaWaKondele

Wadau nimerudi. Ni wiki ya sita sasa, naleta ripoti.

Nilifanya vile mzee alisema, jerikeni ya maji, gramu 700 nikapima kwa duka la mama jirani (nikamwambia ni ya keki, Mungu anisamehe), chai ya rangi, hamira iliyochemshwa na ile hai. Kwa sufuria siku nne na kitambaa, nikichanganya na mwiko uliochemshwa, alafu nikachuja nikaweka kwa jerikeni na puto nyekundu. Puto lilisimama siku hiyo hiyo, mwenzangu akalipatia jina. Beseni na lesso ya dada yangu, kila asubuhi naongeza maji, na ni kweli, mchana ukigusa nyumba inawaka lakini jerikeni iko baridi kama mtungi.

Dada wa Nyalenda, nimekuwa nikiweka sikio. Siku za kwanza ilikuwa kama mvua kwa mabati ukiwa mbali, tssss. Siku ya kumi ilikuwa inanong'ona moja moja. Siku ya kumi na mbili puto likalala na nikashtuka, nikataka kuongeza sukari, mkono ulikuwa umeshika pakiti, nikakumbuka sharubati nikarudisha. Nikaiacha wiki mbili zaidi, yale machicha yakazama chini, juu ikabaki rangi ya chai ya maziwa alafu pole pole ikawa ya dhahabu. Nikavuta na mpira nikaacha machicha, nikaijaza kwa jerikeni ingine mpaka shingoni hewa isipate nafasi, puto tena. Juzi nimeweka kwa chupa za soda za plastiki, sijazikaza sana, na kila siku nazibonyeza. Mpaka leo bado ni laini, hakuna gesi.

Ladha: si ya dukani. Mwanzo unaskia mkate kidogo, hiyo hamira haijifichi, alafu nanasi inakuja nyuma, kavu, si tamu vile nilidhani. Mwenzangu alikunywa nusu kikombe akanyamaza, akasema "hii sasa ni pombe" akaenda kulala, na amehamisha godoro upande ule mwingine wa chumba kabisa, ati mambo ya usalama.

Sherehe ni Ijumaa ijayo, tuko watu saba, wote tumevuka 18, hakuna mtu amechanga hata senti. Wakili nimekuskia. Jamaa wa ploti alikuja tena na hadithi ya kupika, nikamwonyesha ile alama bado iko kwa balbu akaondoka bila kuaga.

Lakini swali limebaki moja, mama jirani ameanza kuuliza ile keki iko wapi. Na siki ya ile ya kwanza bado ninayo kama lita tatu, mwenye anataka ya kachumbari aniambie, hiyo natoa bure.

Nyar_Nyalenda

Mpelekee mama keki, usimletee ujinga. Na nitumie siki nusu lita, niko Kibuye Jumapili.